Pole Iliyofika Mapema

Wiki iliyopita mwanangu alirudi kutoka shuleni na kazi ambayo, kama ilivyo desturi ya mtaala huu mpya, ilikuwa yangu. Walitakiwa kubandika majani makavu kwenye karatasi ngumu ya manila, na mwalimu alikuwa amekataza gundi ya dukani. "Mama, amesema tutumie vitu vya nyumbani." Basi nikatia unga wa ngano kwenye sufuria ndogo, nikamwaga maji, nikaanza kukoroga juu ya moto mdogo. Ulipoanza kuwa mzito na kutoa ile harufu yake, harufu ya uji ambao hakuna mtu atakayeunywa, nikajikuta nimeushika mwiko bila kuusogeza. Gundi ikashika chini. Mtoto akaniangalia, akauliza kama naumwa. Nikamwambia moshi umeniingia machoni, na jiko letu ni la gesi.

Nyinyi wa rika langu mna harufu zenu za utotoni. Yangu ni hiyo. Kabla simu za mkononi hazijachukua kazi ya kupongeza na kuomboleza, watu walipeana kadi, na kadi nyingi zilizopita mikononi mwa watu wa Machakos zilianzia mezani kwetu, kwenye nyumba ya vyumba viwili tuliyopanga upande unaotazama vilima vya Iveti. Mama ndiye aliyezitengeneza. Tulikuwa tumehamia hapo kutoka Athi River, ambako Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha saruji, kwa sababu lile vumbi lilikuwa limeanza kunikalia kifuani. Baba alibaki huko na kazi yake, akawa mtu wa Jumamosi.

Wazazi wangu wote walikuwa Wakamba, Baba wa Mwala na Mama wa Kathiani, lakini mimi Kikamba sikukijua. Athi River, kwenye ploti ya vyumba vya kupanga, tulikuwa watu wa kila kabila, na Kiswahili ndicho kilichotuwezesha kuombana chumvi. Kikamba kilikuwa lugha ya wazazi wangu wakitaka nisisikie. Wakibadilisha lugha katikati ya sentensi, nilijua kuna jambo, na nilijua si la kwangu. Nilipofika Machakos watoto wenzangu walinicheka sana. Nilijua salamu na majina ya vyakula, basi.

Kazi ya kadi niliijua vizuri zaidi kuliko lugha ya mama yangu. Manila ilikatwa kwa wembe, ikakunjwa, na mkunjo ukasuguliwa kwa mgongo wa kijiko mpaka ukalala. Rangi za maji zilikaa kwenye kasha la bati, vidonge vya duara vilivyochimbika katikati. Mama aliilowesha karatasi kwanza, kisha akagusa kwa ncha ya brashi, na rangi ikatambaa yenyewe kwenye unyevu. Mimi nilikuwa na haraka, niliisukuma. "Usiikimbize rangi," aliniambia. "Ipe njia." Maandishi aliyaweka mwisho, kwa wino mweusi na kalamu ya kuchovya, akiwa amefunga mdomo. Wakati huo hakuna aliyeruhusiwa hata kusogeza kiti.

Halafu kulikuwa na meno. Ndivyo tulivyoviita vile vyuma vya kukatia maumbo. Fundi mmoja wa jua kali karibu na soko alimkunjia Mama ukanda wa chuma unaofungia marobota ya mitumba, akautengeneza nyota, ua, njiwa na jani, kisha akanoa ukingo mmoja kwa tupa. Unaweka manila juu ya soli ya slipa kuukuu, unasimamisha jino, unapiga nyundo mara moja, na jino linang'ata. Ukipiga mara mbili umeharibu. Kupiga meno ilikuwa kazi yangu na niliifanya kwa majivuno. Kadi zilizokauka zilikuwa zinajikunja pembe, kwa hiyo Mama alizipanga chini ya godoro langu zinyooke. Nililala juu ya hongera na pole za watu, na asubuhi niliulizwa kama nimejigeuzageuza.

Kila kadi ilikuwa na sheria zake. Zile za watahiniwa, ambazo kila mtu aliziita saksesi, zilikuwa za manjano na kijani, na lazima nyota. Za harusi zilichukua ua. Kadi ya pole ilikuwa ya zambarau hafifu, jani moja tu, bila nyota na bila chochote cha kung'aa. Na kwenye kadi ya pole, pale panapokaa jina la marehemu, Mama aliweka nukta za penseli na kupaacha wazi mpaka apate jina kutoka kwa wenyewe. Alisema mtu akishafiwa, usimkosee jina pia.

Mimi niliamini kadi zinafanya kazi. Simaanishi kwamba zilifurahisha watu. Namaanisha kwamba lililoandikwa lilitimia. Kyalo, kijana wa mwenye nyumba, alipewa saksesi ya Mama iliyosema "Utafaulu", na akafaulu, akaitwa shule ya bweni. Mama yake akaja na mkungu wa ndizi. "Mama Mutheu, kadi yako imemsaidia huyu kijana," akasema, na mimi Mutheu nikiwa pale pale nikayachukua maneno hayo jinsi yalivyo. Wale walioanguka sikuwahi kuwasikia. Hakuna anayeleta ndizi kwa sababu mtoto wake ameanguka.

Jambo lingine nililojua ni kwamba watu wazima hawasemi mtu amekufa. Mama alikuwa amepoteza watoto wawili baada yangu. Wa kwanza simkumbuki. Wa pili nakumbuka nguo zake ndogo zikiwa kwenye kamba, Mama akienda hospitali na tumbo, na Mama akirudi bila tumbo na bila mtoto. Nguo zikaanuliwa, zikakunjwa, zikarudishwa kwenye sanduku. Nikauliza mtoto yuko wapi. Mmoja akasema amerudi, mwingine akasema amechukuliwa, jirani akasema ametangulia. Nilipouliza ametangulia kwenda wapi, nikaambiwa watoto hawaulizi mambo hayo. Sikuuliza tena.

Kwa hiyo tumbo la Mama lilipoanza tena kuonekana, niliangalia kamba ya nguo kuliko nilivyomwangalia yeye.

Ilikuwa likizo ya Aprili, mvua zimeshika, wakati Mama alipopelekwa hospitali kabla ya siku zake. Susu, mama yake Mama, akaja kutoka Kathiani kukaa nami, na kuku mmoja hai kwenye kiondo. Susu alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, hakuwahi kusoma, na Kiswahili chake alikipata sokoni. Kwa ajili yangu alijitahidi kukizungumza. Alichukua neno la Kikamba, akalibandika Kiswahili mbele na nyuma, akasonga mbele. Nusu yake nilikisia.

Mtoto alikuwa wa kike, mdogo sana, na Mama alikuwa amepasuliwa. Hayo nilielezwa. Nikaambiwa pia kwamba mtoto yuko nasari. Sikujua kwamba hospitali nayo ina nasari, chumba cha watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, na nilishangaa mno. Mimi nilianza nasari nikiwa tayari nafunga kamba za viatu, na huyu hata macho hajafungua sawasawa. Nilimwuliza Susu kama amevalishwa sare. Susu akacheka mpaka akashika ukuta, na hiyo ilikuwa mara ya mwisho kumwona akicheka wiki ile.

Jumamosi Baba akaja, akaenda hospitali, akarudi na kukaa mezani bila kuvua koti. Safari hii yeye na Susu hawakubadilisha lugha. Baba alianza kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, Susu akamjibu hivyo hivyo; nafikiri walisahau kwamba nipo.

"Amekataa jina," Baba akasema.

"Amekataa aje?"

"Nimemwambia tumwite la mama yangu. Amesema yeye ametoa majina mawili na yote yakaenda. Hataki kutoa lingine."

Susu akafuta meza ambayo haikuwa chafu. "Mwache kwanza," akasema. "Mtu hasukumwi."

Jumapili Baba akarudi kazini. Jumatatu Susu akaenda hospitali na chakula, akakaa huko mchana kutwa. Nilimngoja mlangoni. Alipokuja jua lilikuwa linashuka na mawingu yamefunga upande wa vilima. Alikuwa analowa jasho na kutembea kwa kuburuta. Akakaa kwenye kigoda, akavua viatu, akajifuta macho kwa ncha ya leso.

"Susu, Mama ako aje?"

"Ako tu. Anaumwa na kidonda."

"Na mtoto?"

Susu akavuta pumzi. "Kamekoma."

"Kamekoma?"

"Kamekoma tu, mwana wakwa. Tuachie Ngai."

Nilisimama pale nikilishika hilo neno. Kukoma nilikujua. Mwalimu alituambia tukome kelele. Redio ilisema mapigano yamekoma. Mtoto ambaye kazi yake yote, kama nilivyosikia, ilikuwa kujaribu kupumua, angekoma nini kingine? Watu wazima walikuwa wamepata neno jingine jipya la kuficha lile lenyewe. Na kama bado nilikuwa na shaka, ilikwisha pale Susu alipoinuka bila viatu, akaenda nje, akaanua nguo zote ndogo kutoka kwenye kamba, akazikunja na kuzitia kwenye sanduku. Mvua ilianza kunyesha punde tu, lakini mimi mvua sikuihesabu.

Sikulia. Nilikuwa nimefundishwa kutouliza, na nilidhani kulia ni aina ya kuuliza. Lakini kwetu mtu akifiwa, kadi ilitengenezwa kabla hata ya chai kupelekwa. Nilikuwa nimeona Mama akiacha sahani ya chakula ili amalize kadi ya mfiwa. Sasa mfiwa alikuwa yeye, na hakukuwa na mwingine wa kumtengenezea.

Asubuhi, Susu akichemsha supu, nikafungua kasha la rangi. Nilichanganya nyekundu na bluu mpaka nikapata zambarau, nikalowesha karatasi, na kwa mara ya kwanza maishani sikuikimbiza rangi. Nikaiacha itambae mpaka ilipotaka. Nikapiga jino la jani kwenye kibaki cha manila nyeupe, mara moja tu, nikalibandika kwa gundi ya unga iliyokuwa imeanza kuchacha. Kisha nikachukua kalamu ya kuchovya ambayo nilikuwa nimekatazwa kuigusa, na nikaandika maneno niliyokuwa nimeyaona mara nyingi: "Pole Mama kwa kuondokewa na mpendwa wako." Chini yake nikaweka nukta za penseli. Sikujua niandike jina gani. Halikuwepo. Nikaziacha nukta, kama sheria inavyotaka, na chini kabisa nikaandika "Kutoka kwa Mutheu".

Bado naamini ni kadi nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza.

Susu aliigeuza mkononi. Aliisifu rangi. "Hii itamfurahisha," akasema, na nikamwona ni mtu wa ajabu kidogo. Akaipachika kwenye kiondo kando ya flaski ya supu. Nilimwomba twende pamoja, akakubali.

Getini askari akatusimamisha. "Mtoto haingii wodi. Akae hapo kwa benchi." Nikakaa. Kutoka kwenye benchi ungeweza kuona njia ndefu yenye paa la mabati, ile iliyounganisha wodi moja na nyingine, na watu wakipita na vikapu. Nilianza kufikiria Mama akiifungua kadi. Nilifikiri atalia kidogo, kisha ataona jinsi nilivyoiacha rangi itambae, na atajua nimejifunza.

Nikamwona Mama mwenyewe. Alikuwa ametokea kwenye ile njia, amevaa gauni la hospitali na leso kiunoni, hana viatu. Kwa mkono mmoja alishika tumbo. Mkono mwingine ulishika kadi yangu, niliijua kwa rangi. Alikuwa ameinama na anatembea haraka, jambo ambalo hata mimi niliona si sawa kwa mtu aliyepasuliwa, na nyuma yake nesi alikuwa akimwambia, "Mama, polepole, Mama, kidonda hicho." Nyuma ya nesi alikuwa Susu, ameshika kifuniko cha flaski. Nikaita. Hakugeuka. Wakaingia mlango wa mwisho wote watatu, na mimi nikajua amekwenda kumwona marehemu.

Sijui nilikaa hapo kwa muda gani. Nakumbuka askari akila mahindi ya kuchoma na kunimegea. Sikula. Kisha nesi yule yule akatokea kwenye njia, akanipungia mkono, akamwambia askari aniache nipite. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti nje ya ule mlango, macho mekundu, nywele zimesimama upande mmoja. Alinishika kidevu.

"Mutheu. Nani alikwambia mtoto amekufa?"

"Susu."

Susu, aliyesimama kando yake, akaweka mikono kichwani. "Mimi?"

"Susu alisema nini hasa?" Mama akauliza.

"Alisema kamekoma."

Mama akafunga macho. Mabega yakaanza kutikisika, na sikujua kama analia au anacheka mpaka alipoanza kushika kidonda na kusema, "Msinichekeshe, mtanipasua." Nesi, ambaye naye alikuwa wa huko huko kwetu, akageuka ukutani.

"Kukoma ni kulala," Mama akaniambia alipopata pumzi. "Kwa Kikamba, kukoma ni kulala. Susu alikuwa anakwambia mtoto amelala."

Akasimama kwa kushika mlango, akanisogeza kwenye kioo. Ndani, kwenye kisanduku chenye joto, kulikuwa na kitu kidogo chekundu chenye kofia, kimelala kweli, mdomo wazi. Kwenye kisanduku kulikuwa na kipande cha plasta kilichoandikwa kwa kalamu. Nilikuwa nimejua kusoma, nikasoma. Palikuwa na "Mtoto wa Mwikali", hilo likiwa jina la Mama, nalo lilikuwa limekatwa kwa mstari. Juu yake wino ulikuwa bado mbichi: "Mwende".

"Ndiyo jina lake?" nikauliza.

"Ndiyo jina lake," Mama akasema. "Tangu sasa hivi."

Kwa Kikamba, Mwende ni yule anayependwa. Hilo nilielezwa siku hiyo hiyo, polepole, kama watu walioanza kuogopa kuniachia neno bila kunitafsiria.

Mwende akarudi nyumbani mvua zilipokwisha. Hadithi ya kadi ikawa hadithi ya Susu. Aliisimulia kanisani, sokoni, kwa mwenye nyumba, na kila alipoisimulia kadi ikaongezeka ukubwa. Watu walinishika kichwa wakacheka. Baba alianza kusema "naenda kukoma" kila alipokwenda kulala, na wote wakacheka tena.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeogopa mpaka ndani ya mifupa, na hakuna aliyejua. Kwa sababu Kyalo aliandikiwa "Utafaulu", akafaulu. Na mimi nilikuwa nimeandika "kuondokewa", kwa wino, kwa mkono wangu, na wino haufutiki. Kadi ilikuwa imeshapelekwa na kupokelewa. Iliyobaki ni kutimia. Nilimwuliza Mama iko wapi, nikitumaini ataniambia alishaitupa. Akasema ameiweka. Sikuthubutu kumwomba aichome, maana angeuliza kwa nini.

Niliporudi kutoka shuleni nilikwenda kwanza kwenye kitanda cha Mwende, kabla ya chakula, nikaweka kidole chini ya pua yake. Alikuwa na pumzi fupi yenye joto na harufu ya maziwa. Alipoanza kutabasamu, alitabasamia ukuta, dirisha, na Susu, na mimi nilipoinama alitabasamu zaidi kuliko wote. Sijui kama mnajua kupendwa na mtu ambaye unaamini umemhukumu. Mimi nilijua nikiwa darasa la tatu, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Ndipo nikaanza kutengeneza kadi nyingine. Nilichukua vibaki vya manila Mama alivyovitupa, nikavipaka manjano na kijani, nikapiga nyota, na nikaandika "Hongera Mwende" au "Utakua" au "Utaishi miaka mingi". Nilizisukuma chini ya kigodoro chake cha sponji, zinyooke na zifanye kazi kwa wakati mmoja. Alipokohoa niliongeza moja. Alipokohoa sana niliongeza mbili.

Machakos ina baridi mbaya mwezi wa saba na wa nane, ukungu unashuka kutoka vilimani na hauondoki mpaka saa nne. Kifua cha Mwende kilikuwa kimezaliwa bila kumalizika. Mara ya kwanza alilazwa akarudi. Mara ya pili Mama alikaa naye hospitali, amembeba kifuani ndani ya leso wala hataki kumlaza, na mimi nikabaki na Susu. Siku ya Jumatano nilirudi kutoka shuleni nikamkuta Baba amekaa nyumbani. Baba hakuwa mtu wa Jumatano. Akanivuta katikati ya magoti yake.

"Mutheu," akasema, "Mwende amekufa."

Alilisema lile lenyewe, kwa Kiswahili, ili nisikosee. Nilikuwa nimelitaka neno hilo tangu nikiwa mdogo, na nilipolipata nilitamani anirudishie yale mengine yote.

Tukamzika Mwala, nyumbani kwao Baba, kwenye udongo mkavu uliolazimu kumwagiwa maji kabla ya kuchimbwa. Watu walikuwa wachache. Mama alilia kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya kwa wale wawili, na wanawake walimshika huku na huku. Mimi nilisimama mbali naye. Kila aliponitafuta kwa macho nilihamia nyuma ya mtu. Sikutengeneza kadi. Nilikuwa nimeapa kwamba mkono wangu hautagusa tena kalamu ile.

Siku chache baada ya kurudi Machakos, Mama alikuwa anatoa vitu vya Mwende kuvianika. Nilikuwa mlangoni nikipanga viatu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Nikasikia ameinua kile kigodoro, kisha nikasikia karatasi zikichakarika. Nikajua.

"Mutheu, kuja hapa."

Alikuwa amekaa kwenye kitanda chake, kadi zimejaa mapajani. Zilikuwa nyingi kuliko nilivyokumbuka. Alikuwa anazigeuza moja moja, anasoma.

"Hizi ni za nini?"

Nikaangalia viatu nilivyokuwa nimevipanga.

"Sikugombezi. Ni za nini?"

"Ni za kufuta ile nyingine."

Hakuelewa mara moja. Nilimwona akitafuta, kisha nikamwona akifika. Uso wake ulibadilika, nami nikaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni, lakini alinishika mkono.

"Umekuwa ukifikiri ile kadi ndiyo imemchukua mtoto? Miezi hii yote?"

Nikakubali kwa kichwa.

Mama akanivuta nikakaa kando yake kitandani. Alipoongea, aliongea nami kama anavyoongea na mtu mzima, na hakubadilisha lugha.

"Sikiza. Kama kadi zangu zingekuwa na nguvu, Machakos hii hakungekuwa na mtoto wa kuanguka mtihani. Na wanaanguka, wengi tu, mama zao wananipita barabarani bila salamu. Kyalo alifaulu kwa sababu alisoma. Kadi haiui mtu, na haiponyi mtu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sasa nitakwambia ile yako ilifanya nini." Akapumua. "Mimi sikuwa nimemwona Mwende. Tangu azaliwe, nilikuwa sijaenda kumwona. Nilikamua maziwa, nikampa Susu apeleke, nikageukia ukuta. Nesi alikuja kila siku kuniita. Nikasema kesho. Nilijua nikimwona nitampenda, na nilikuwa na hakika ataenda tu kama wale, kwa hiyo nikaona afadhali nisimjue. Ningesema kesho mpaka siku ya mwisho. Halafu Susu akaniletea kadi. Nikaona umeacha nafasi ya jina, nikajua mimi mama yake sina la kuandika hapo. Nikainuka nikaenda. Nilikuwa naenda kuomba hata maiti nioneshwe."

Nje mtu alikuwa anapiga deki kibarazani. Mama alizikusanya zile kadi za manjano, akazigongesha magotini zikae sawa, kama alivyofanya na za watu.

"Wale wawili nilizika majina tu, Mutheu. Huyu nilimjua. Nilijua anavyopiga chafya. Nilijua anataka kubebwa upande gani. Huyu nimezika mtoto."

"Sasa inauma zaidi?" nikamwuliza.

"Inauma zaidi sana," akasema. "Na sikuwa nimekushukuru. Asante kwa kadi."

Ndipo nikalia, na yeye akanibeba, ingawa nilikuwa mkubwa wa kubebwa na kidonda chake hakikuwa kimepona kabisa.